Mbegu moja, mche mmoja

Jamani nawaandikia mikono bado ina udongo, leo tumemaliza kupanda biti za sukari shambani kwa shemeji, huku Niedersachsen, Ujerumani. Sio zile bitiruti nyekundu za juisi, hizi ni nyeupe, moja inaweza kupita kilo, na sukari yake ni kama asilimia 16 mpaka 20.

Mimi nimekulia Kilombero kwenye miwa, unapanda pingili, unakata, shina linachipua tena mwakani. Huku kila mwaka unanunua mbegu mpya, chotara, yaani zimetoka kwa baba na mama wa aina tofauti, boksi moja lina mbegu 100,000, kila mbegu imefunikwa ikawa kama kidonge cha rangi, mashine inadondosha moja moja kila sentimita 20 hivi.

Hiyo moja moja ndo nataka niiongelee. Mbegu ya biti ya asili ni kinundu, ndani zimo kadhaa zimeshikana, ukipanda kimoja inaota miche mitatu minne imebanana. Mama mkwe ananisimulia alivyokuwa binti mdogo, Mei na Juni walikuwa wanatambaa kwenye mistari magunia yamefungwa magotini, wanang'oa miche mpaka ubaki mmoja, asubuhi hadi jioni, na magoti yake hadi leo hayajapona. Nilimkumbuka mama yangu alivyokuwa anainama kwenye mpunga siku nzima, nikashindwa kuongea kwa kweli.

Kilichomaliza mateso hayo ni Savitsky, mtaalamu wa mbegu, mwaka 1948 huko Oregon, Marekani, alipekua mashamba akapata mimea michache sana yenye mbegu mojamoja. Kabla yake Owen, mtafiti mwingine kule Utah, alishagundua biti zisizotoa chavua, ule unga wa dume kwenye ua, na hapo ndo siri ya chotara ilipo, maana ua la biti lina dume na jike pamoja, huwezi kukaa unatoa dume kwa mkono shamba zima. Kwa hiyo unapanda mama asiye na chavua, pembeni mistari ya baba, upepo unafanya kazi, halafu baba anafyekwa na unavuna kwa mama tu. Na kinachonigusa zaidi, kutoka mche mmoja kunategemea mama, kwa sababu ganda la mbegu ni mwili wa mama.

Wadogo zangu nyumbani wananiuliza kwa nini hatutunzi mbegu zetu. Chotara ukipanda tena mbegu zake watoto hawafanani, halafu biti inatoa mbegu mwaka wa pili baada ya baridi, sisi tunaing'oa mwaka wa kwanza ikiwa imejaza sukari. Zile zinazowahi kutoa maua tunapita kiangazi kuzing'oa kwa mkono, hiyo kazi bado ipo.

Miche ikitoka mama mkwe kashasema nimpitishe na gari, anataka kuiona mistari.