Meza ya mninga ya kwenda Dodoma

Juni. Dada yangu amehamia Dodoma, anataka meza ya kulia ya watu 6. Ninaitengenezea hapa Dar es Salaam, na hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu. Hewa ya hapa ina unyevu, ya kule ni kavu, na mbao hufuata hewa ya mahali zilipo. Nimeona meza zilizotoka Pwani zikapasuka katikati zikiwa bara. Watu wakalaumu mbao, wakati kosa lilikuwa kwenye mchoro.

Nimechukua mninga. Paini ya Sao Hill ingekuwa nafuu na mtiki wa Longuza ungefaa vizuri, lakini mninga hausinyai sana na rangi yake naipenda mno. Dukani niliangalia vichwa vya mbao kwanza. Miduara ya ukuaji wa mti ikisimama wima, ubao huo hutulia. Ikilala, husinyaa karibu mara mbili kwa upana na huelekea kujikunja. Zenye ukingo mweupe niliziacha, maana hapo ndipo wadudu waachao unga huanzia.

Muuzaji alisema zimekauka. Nilikata kipande katikati ya ubao, kwa sababu ncha hukauka mapema na hudanganya. Kilikuwa gramu 212. Nikakiweka kwenye oveni, nyuzijoto 103, hadi uzito ukaacha kushuka: gramu 184. Tofauti ni 28. Gawanya kwa 184, unapata unyevu wa asilimia 15. Kwa Dar ni sawa kabisa. Kwa kiangazi cha Dodoma natarajia zishuke hadi karibu 10, na bao, yaani sehemu ya juu ya meza, la upana wa sentimita 90 likipoteza unyevu huo litapungua kama milimita 5 au 6. Urefu haubadiliki kiasi cha kuhesabika.

Julai, vipimo. Urefu 160, kimo 75. Kila mlaji apate sentimita 60: wawili kila upande, mmoja kila kichwa. Bao ni nene sentimita 3, reli chini yake (mbao zinazounganisha miguu) zina kimo cha 10, kwa hiyo kutoka sakafuni hadi reli kunabaki 62. Kiti ni 45, mapaja yanapata 17. Nilitamani reli zenye kimo zaidi kwa nguvu, ila shemeji yangu ni mtu wa miraba minne, na meza inayobana miguu haina raha.

Miguu na reli nimeunga kwa ulimi na tundu, gundi tu, bila misumari. Bao lenyewe halitapata gundi wala skrubu za kulikaza moja kwa moja kwenye reli. Nimechonga vishikizo vidogo vya mbao: vinakazwa chini ya bao, na ulimi wake wa milimita 12 unaingia kwenye mfereji uliochimbwa upande wa ndani wa reli. Kwenye reli ndefu nimeingiza ulimi wote, kwa sababu bao likisinyaa vishikizo vitarudi kuelekea katikati, na lazima vibaki vimeshika. Kwenye reli fupi vinateleza tu ndani ya mfereji.

Sasa napiga msasa. Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na kifua. Kinachofuata ni vanishi, juu na chini ya bao kwa idadi ileile ya mikono. Upande mmoja ukiachwa mtupu, utapumua peke yake na bao litapinda.