Halijawahi Kunilaza Njiani

Leo ni Jumatatu ya mwisho ya Mei, hapa Marekani ni Memorial Day, sikukuu ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Asubuhi nilimpeleka mzee jirani yangu kwenye makaburi ya Fort Sam Houston, hapa San Antonio, kumzuru kaka yake aliyefia Vietnam. Kila kaburi lilikuwa limechomekewa kibendera, safu baada ya safu, hadi macho yanachoka. Mzee aliinama akafuta jiwe kwa leso, kisha akakaa kimya muda mrefu. Wakati wa kurudi tukapita barabara ya yadi za magari. Huko bendera ilikuwa moja tu, kubwa kama paa la nyumba, na chini yake pikapu mpya zimepangwa, vioo vimeandikwa kwa rangi nyeupe: punguzo la sikukuu, mwisho leo.

Iliniuma. Siku hii chimbuko lake ni 1868, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu walipokwenda kupamba makaburi ya askari kwa maua. Ilikuwa tarehe 30 Mei. Mwaka 1971 ikahamishiwa Jumatatu ili watu wapate siku tatu za mapumziko, na siku tatu za watu wasio kazini ndizo muuzaji wa magari anazoziomba kwa Mungu. Hapa Texas sheria inamtaka afunge Jumamosi au Jumapili, achague moja. Wengi hufunga Jumapili, kwa hiyo Jumatatu kama hii ni siku ya mavuno.

Na mimi nilikuwa na miadi na wauzaji hao saa tisa alasiri. Pampu ya maji ya pikapu yangu, Toyota Tacoma ya 2009, inavuja, na wiki nzima tangazo la Tundra, pikapu kubwa ya Toyota, limenifuata kwenye simu. Gari la dola 60,000. Kijana wa mauzo kila akinipigia anataja malipo ya mwezi, jumla haigusi. Jana usiku nilikaa na kalamu nikapiga hesabu mwenyewe. Kwa miezi 84 na riba ya asilimia 7, ni kama dola 905 kila mwezi, na ukimaliza utakuwa umelipa zaidi ya dola 76,000. Miaka saba. Mwanangu yuko darasa la nne. Atakuwa anakaribia kumaliza sekondari, gari bado ni la benki.

Mzee ni mtu wa Chevrolet. Pikapu yake, Silverado ya 1999, imepauka rangi, lakini hamwambii mtu kwamba ataiuza. Ford hapandi. Ukimkumbusha kwamba pikapu za Ford za F-Series ndizo zinazoongoza kwa mauzo nchi hii tangu 1977, anainua mabega tu. Ford walipotoa F-150 ya 2015 yenye bodi ya alumini, Chevrolet walitengeneza tangazo la kuimwagia mawe sehemu ya kubebea mzigo mpaka ikatoboka, na mzee bado anasimulia tangazo lile kama mtu anayesimulia bao la fainali.

Nilimwambia: mzee wangu, hii Toyota unayoiita ya kigeni, Tundra inaundwa hapa hapa San Antonio tangu 2006, na Silverado nyingine zinatoka Silao, Mexico. Akasema anajua. Si habari ya kiwanda, akasema. Kaka yake ndiye aliyemfundisha kuendesha, kwenye Chevrolet ya baba yao, katikati ya shamba la pamba. Miezi michache baadaye akaitwa jeshini.

Tukaendelea na safari bila kusema neno, na njiani ndipo nilipojiuliza mimi Toyota nimeipata wapi. Siku zote nimejibu kwamba ni spea, ni uimara, ni bei nzuri ukitaka kuuza. Hayo ni kweli. Lakini kabla ya yote hayo kuna mjomba, dereva wa mradi wa maji Singida, aliyekuwa akirudi usiku wa masika na Land Cruiser imejaa tope mpaka kwenye vioo. Mama alikuwa hazimi koroboi mpaka asikie mlio wake kwa mbali. Mjomba akishuka anapiga boneti kofi moja na kusema, "Halijawahi kunilaza njiani." Nilikuwa na miaka saba, na neno lile ndilo ninalolinunua mpaka leo.

Watengeneza matangazo wanalijua hili kuliko sisi. Ndiyo maana kwenye runinga hawakuonyeshi injini kwa muda mrefu. Wanakuonyesha baba na mtoto, vumbi la shambani, sauti nzito ya mwanamume. Sidhani wanategemea kumhamisha mtu wa Ford aende Chevrolet. Kila mmoja anamwita mtu wake, anamkumbusha marehemu wake, halafu anamwambia muda unaisha leo jioni. Mapenzi ya mzee kwa Silverado yake nayaheshimu kabisa. Kumharakisha kwa jina la kaka yake, siku ya kaka yake, hilo silikubali.

Nilipiga simu nikafuta miadi. Mzee akaja na sanduku lake la spana, na jua lilipoanza kushuka tulikuwa bado tumeinamia injini ya Tacoma, pampu ya zamani iko chini kwenye gazeti. Akaniuliza gari la mjomba lilikuwa la rangi gani.

Jeupe, nikamwambia, ila mimi nililizoea likiwa jekundu kwa udongo.