Zahanati zangu zilipohamia baharini

Mbukwenyi! Sijaandika muda, nilikuwa nimezama kwenye ramani. Ofisi ninapojitolea huku Chamwino, Dodoma, walitaka kujua watoto wanaoharisha wanatokea wapi, na kwa vile mimi ndo kijana mwenye laptopu kazi ikaniangukia. Nikachukua uMap, tovuti ya kuchorea ramani, ni ya bure, inakaa juu ya OpenStreetMap, ile ramani huria ya dunia, unaandaa jedwali lako kwenye ekseli (langu lilikuwa la zahanati na idadi ya watoto walioharisha) unalisevu kama CSV, faili la jedwali la maandishi matupu, unalipandisha, doti zinatokea. Kwa maneno ni rahisi hivyo.

Mara ya kwanza ramani ikawa tupu. Nasogeza huku nasogeza kule hamna kitu, nikadhani bando limekata, nikaivuta nje mpaka Afrika nzima ikaonekana, kumbe zahanati zangu zipo zote, ziko Ethiopia kusini! Nilisahau alama ya kutoa. Sisi tuko kusini ya ikweta, Dodoma mjini ni latitudo -6.17 na longitudo 35.74, ukiacha hako kakistari unatupwa kaskazini. Nikarekebisha harakaharaka, na kwenye hiyo haraka nikageuza safu, latitudo ikakaa kwa longitudo, zahanati zote zikahamia baharini karibu na Tangier, Moroko. Nikamwonyesha nesi mmoja, akaniuliza, "Kwa hiyo kesho niripoti kazini na boya?"

Basi, zikarudi nyumbani. Nikawasha ile rangi ya joto, inayokolea penye wagonjwa wengi, sehemu moja ikawaka nyekundu kali, nikajiona daktari kabisa. Nikaipeleka kwenye kikao. Mama mmoja, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mtu mzima, akavaa miwani akainamia skrini akaangalia weee, akasema, "Mwanangu, hapo si ndo kwa yule nesi mpole? Watu wote wanaenda kwake." Halafu akaweka kidole upande wa pili wa korongo, ambako kwangu palikuwa peupe hamna hata doti. "Kuhara kuko hapa. Wanafukua maji mchangani, mbuzi nao wanakunywa hapohapo, na masika korongo likijaa hawavuki kuja zahanati."

Nilinyamaza. Yaani wiki nzima nimechora upole wa nesi.

Nikarudi kwenye kitabu cha wagonjwa wa nje cha MTUHA, ule mfumo wa taarifa za huduma za afya, na kumbe jibu lilikuwa humo siku zote, kuna sehemu ya makazi, mtoto katoka kijiji gani kitongoji gani, ila ripoti ya mwezi ikishajumlishwa linabaki jina la zahanati tu, na mimi nilianzia kwenye ripoti. Kila anayesoma mambo haya anasimuliwa habari ya daktari John Snow na kipindupindu cha London mwaka 1854, na mimi nimesimuliwa, ila nilikuwa sijaielewa. Snow alichora vifo kwenye nyumba walizokuwa wanaishi watu, ndo maana pampu ya maji ya Broad Street ikajitokeza katikati yao. Angechora kwa hospitali angeona hospitali.

Tamaa ikanishika na mimi niweke doti kila nyumba. Mama akagoma, na alikuwa sahihi, kitongoji chenye kaya chache ukiweka doti moja kila mtu anajua ni mtoto wa nani, na linki ukiiacha wazi anaiona yeyote mwenye simu. Kwa hiyo nimejumlisha kwa kitongoji, linki nimeifunga, na nimenakili vitabu kwa mkono mpaka vidole vinauma (mwandiko wa zahanati mnaujua wenyewe).

Wale wa ng'ambo ya korongo hata vitabuni hawamo, kwa hiyo mama kasema twende tukawaulize wenyewe. Tulipanga Jumatano, mvua ikanyesha Jumanne usiku. Bodaboda anasema kuzunguka ni elfu kumi na tano, nauli hiyo hakuna wa kuitoa, nasubiri maji yapungue.