Kutoka gengeni hadi mahakamani: nilivyomsindikiza binti wa kazi

Mtaani kwetu watu wanaamini nalipwa. Wakiniona nimefunga genge asubuhi na kupanda daladala na binti wa watu, wanasema shirika limemkumbuka mama wa mboga. Hakuna shirika. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa, moja ya zile zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza 2017/18. Tulipewa semina, soda na daftari. Nauli tunajitegemea. Naandika kwa wanaojitolea kama mimi, maana semina ilitupangia aina zote za ukatili vizuri sana ubaoni, ila haikutuambia unakaaje kwenye benchi la polisi na mtoto anayetetemeka.

Nauza mboga Dar es Salaam, na kwa kazi hii genge linaishinda ofisi. Madada wa kazi wote wanapita hapo. Dada asiye na shida atasimama, atapiga umbea, atabonyezabonyeza nyanya, ataomba nimwongezee hoho. Binti huyu alikuja na hela kamili mkononi, hachagui, akishasema "shikamoo" hana neno jingine, macho yote barabarani. Simu hana. Gauni ni lile lile. Sikumhoji. Nikaanza tu kumchelewesha: namkatia majani ya maboga polepole, mimi macho kwenye kisu, naongea habari za mvua. Mtu asipotazamwa usoni huongea. Yakatoka vipande vipande: kwao Singida, ana miaka 16, kuna "anti" alifika kijijini akawaahidi wazazi kwamba atampeleka kujifunza ushonaji, akaja kumshusha stendi ya Magufuli usiku na kumkabidhi kwa watu. Mshahara "anatunziwa". Nauli ya kumleta mjini inakatwa humo humo. Akipiga simu nyumbani, bosi anakaa pembeni.

Hapo wengi wetu tungekwenda kugonga geti. Usigonge. Bosi akishtuka, binti anahamishwa usiku huo huo na hutamwona tena. Nilimwambia tu kwamba mimi nafika gengeni alfajiri, na kwamba akipata simu yoyote, 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Kisha nikamweleza afisa ustawi wa jamii wetu, akaanza taratibu zake.

Kabla hazijafika mbali, binti akatokea gengeni alfajiri, kajifunika khanga hadi usoni. Aliyemfanyia ni mwanaume wa nyumba ile. Mengine ni yake, siyaandiki.

Nilimpa kiti nyuma ya meza na maji ya kunywa. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa hakuna wa kukugusa. Sina shaka na wewe, na si lazima unisimulie." Hilo la mwisho ndilo ninalowasisitizia wenzangu kila mara. Huyu mtoto atasimulia kwa daktari, kwa askari, kwa afisa ustawi, kwa mwendesha mashtaka, kwa hakimu. Ukimsimulisha wewe, mwenyekiti wa mtaa na jirani mwenye huruma, umemchosha kabla safari haijaanza, na wakili wa upande wa pili anatafuta hapo hapo, neno la Jumatatu lililopishana na la Ijumaa. Kwa hiyo kazi niliyojipa ni kupunguza wanaouliza. Kwenye daftari niliandika saa aliyofika, maneno machache aliyoyatamka mwenyewe, na nani mwingine alimwona. Basi.

Alitaka kuoga. Nilimweleza kwa nini ingefaa asubiri mpaka daktari amwone, nikamwachia aamue, akasubiri. Nguo alibaki nazo mwilini. Mwenzangu wa kamati alileta nyingine za kubadilisha, nami nikachukua mifuko ya khaki, ambayo gengeni haikosekani tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku 2019. Ushahidi wa nguo unatakiwa kukaa kwenye karatasi. Kwenye nailoni unavunda.

Tulikwenda kwenye kituo cha mkono kwa mkono, vile vilivyo ndani ya hospitali, ambapo daktari, polisi na ustawi wanapatikana pamoja. Tuliwahi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina mwisho wa saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Za kuzuia mimba nazo hazitaki kungoja. PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huandika alichokiona, ikajazwa hapo hapo. Daktari alimwomba ruhusa kabla ya kila hatua, na nilimwona binti akishangaa kuombwa.

Maelezo ya polisi yalituhitaji kwenda kituoni, na huko askari wa kaunta aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Huyu ndiye aliyebakwa?" Watu wote wa benchi wakageuka. Nilisimama kati yake na benchi nikasema, "Afande, tunaomba kuelekezwa Dawati la Jinsia na Watoto." Kubishana na kaunta kungempotezea yeye, si mimi. Dawatini tulimkuta askari wa kike aliyefunga mlango kwanza, ndipo akaanza kuandika.

Alipelekwa nyumba salama. Dawa zile za kuzuia VVU humezwa siku 28, na zinachefua, wengi huziachia njiani. Kila jioni nilipiga simu. Sikuuliza "umemeza?" kama mlinzi wa gereza, niliuliza "umekula nini leo?" Akisema hajala, nilijua na dawa imebaki mezani, tunaanza na uji. Vipimo vya baadaye, baada ya miezi mitatu, nilimsindikiza pia.

Mtaani ndiko kulikokuwa na kazi. Kijana mmoja alikuwa ameanza kurekodi video nje ya ile nyumba. Tukamwomba aifute, na mama yake akamwamuru kwa lugha ambayo siwezi kuiandika. Wengine wakawa na swali lao: mbona alikuja mjini kwa hiari yake? Nikawajibu kwamba sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya 2008 haijali kwamba alikubali, na aliyedanganywa hajakubali kitu. Kwa mtoto ndiyo kabisa. Tena sheria hiyo haihitaji mpaka wa nchi. Singida na Dar es Salaam zinatosha.

Kisha wakaja wazee. Wastaarabu, wamevaa vizuri, wamekuja kuomba yaishe nyumbani, mtoto asije akaharibiwa jina. Walishampigia baba yake na kumtajia hela ya kuezekea bati. Simlaumu baba yule kwa kusitasita. Sijawahi kulala chini ya paa linalovuja masika nzima. Nilimpigia baba simu, afisa ustawi akiwa pembeni yangu, nikasema, "Kaka, hata ukisaini, kesi hii si yako wala yangu, ni ya Jamhuri. Na hela ukiipokea, unaweza kujikuta wewe ndiye unayehojiwa." Alinyamaza. Halafu akauliza, "Mtoto anakula?" Nikampa namba ya nyumba salama aongee na mwanawe bila bosi pembeni.

Wanachokitegemea wanaotaka yaishe ni kuahirishwa. Kesi inaahirishwa, shahidi anachoka, anapandishwa basi kurudi kwao, na siku ya kuitwa hayupo. Tulikubaliana na ustawi asiondoke mjini mpaka atoe ushahidi. Mwenzangu na mimi tulipokezana, na kamati ikachanga nauli kila tarehe ilipotajwa. Kesi za namna hii husikilizwa faragha, hivyo nilibaki nje na maji yake na khanga yake. Kuna usiku usingizi ulinipaa. Mwenzangu na mimi tuna utaratibu wa kupigiana Jumapili na kusema yote, bila kutaja jina, kisha tunaongelea bei ya vitunguu. Asiye na mtu wa namna hiyo asianze kazi hii.

Mwanaume yule alitiwa hatiani, miaka 30, ambayo ndiyo ya chini kwa kosa hilo. Binti amekataa kurudi nyumbani kwa sasa. Anajifunza ushonaji, na darasani kwao wamo wengine waliodanganywa na anti yule, kwa hiyo si mgeni.

Anti mwenyewe hajakamatwa. Simu yake ilizimwa wiki ile ile, na nyumbani alikokuwa akipanga ameondoka na deni. Lakini juzi baba alinipigia mwenyewe. Kuna mwanamke mwingine amefika kijijini anatafuta wasichana, ana ahadi zile zile, na amemuulizia mdogo wake binti. Baba alimkaribisha, akamtilia chai, na wakati anakunywa akamtuma kijana kumwita mtendaji wa kijiji.