Siku Moja na Sheria za Hammurabi

Wanaosikia kwamba ninahariri makala za kamusi elezo huru ya Kiswahili huuliza kuna kazi gani katika kunakili yaliyokwisha kuandikwa kwingine. Kwa ajili yao ninaieleza siku ya jana, ambayo mimi, mwalimu wa historia aliyeko Mombasa na mwanafunzi wa sheria aliyeko Dodoma tuliitumia yote kwa makala moja, inayohusu sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli.

Saa 12 asubuhi makala ilikuwa mbegu tu, yenye aya chache zisizo na tanbihi hata moja. Kufikia saa 3 tulikuwa tumehakiki mambo ya msingi: Hammurabi alitawala takriban miaka ya 1792 hadi 1750 KK, nguzo ya jiwe yenye kimo cha mita 2.25, iliyochongwa sheria hizo, ilifukuliwa na Wafaransa huko Susa, Iran, kati ya 1901 na 1902. Waelamu, watu wa dola ya kale iliyokuwa huko Iran, ndio walioipeleka huko kama nyara katika karne ya 12 KK. Na sasa imo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris.

Saa 4 mchangiaji mmoja asiyejitambulisha aliifuta sentensi yetu ya kwanza, akairudisha ile ya zamani iliyosema kwamba hizi ndizo sheria za kwanza kuandikwa duniani. Nilimwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano: "Ndugu, sheria za Ur-Nammu, mfalme wa mji wa kale wa Uru, zilizitangulia hizi kwa karne tatu hivi. Ukiwa na chanzo kinachosema vingine, tafadhali kiweke hapa tukisome sote." Alijibu kwamba ndivyo alivyofundishwa shuleni, kisha akafuta tena. Mwalimu alirudisha, yeye akafuta, na kila mara tulilazimika kueleza upya kwa upole, kwa sababu makala ni yake pia kama ilivyo yetu. Alipoiacha hoja hiyo alishika nyingine, kwamba Hammurabi aliamuru jicho kwa jicho kwa watu wote sawasawa. Tulimwekea vifungu vyenyewe. Kifungu cha 196 kinamtoa jicho aliyemtoa jicho muungwana mwenzake. Kile cha 198 kinamtoza mina moja ya fedha, yaani takriban nusu kilo, akiwa amemtoa jicho mtu wa tabaka la chini. Na cha 199, akiwa amemtoa jicho mtumwa wa mtu, kinamtaka alipe nusu ya bei ya mtumwa huyo. Tukaongeza kwamba Ur-Nammu, aliye wa kale zaidi, alikuwa tayari amelitoza jicho fidia ya nusu mina, kwa hiyo si kweli kwamba kadiri sheria ilivyo ya kale ndivyo ilivyopenda kisasi. Hapo alinyamaza, na adhuhuri ilikuwa imeshapita bila mmoja wetu kuinuka kitini.

Mchana ulikwenda kwa swali lililo gumu kuliko yote: je, mahakimu walizitumia sheria hizi? Kifungu cha 5 kinamtoza hakimu anayebadili hukumu aliyokwisha kuitia muhuri mara 12 ya madai, na kumwondoa katika kiti chake, lakini mabamba ya udongo yenye kumbukumbu za kesi za wakati ule ni nadra kuitaja nguzo, na wataalamu bado wanabishana. Mwanafunzi aliandika aya, mwalimu akaifupisha, nami nikaipanua tena, macho yakiniuma, hadi pande zote mbili zikapata nafasi bila mmoja kupewa ushindi.

Usiku, tulipodhani tumemaliza, mwanafunzi aliuliza kama msomaji atajua kwamba namba tulizozitaja kutwa nzima hazimo kwenye jiwe, bali ziliwekwa na Jean-Vincent Scheil, mtaalamu Mfaransa, alipoyachapisha maandishi hayo mwaka 1902 na kuyagawa katika vifungu 282. Hatukuwa tumeliandika hilo popote. Tuliliweka katika aya ya kwanza, pamoja na tanbihi yake.