Mlango wa kushoto

Papa alinunua MGB yake, gari dogo la michezo la Kiingereza, huko Kitwe, Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, kwa Mwingereza wa migodini aliyekuwa anarudi kwao. Gari lile lilitoka kiwandani Abingdon, Uingereza, mwaka 1966, mwaka uleule mji wetu wa Elisabethville ulipopewa jina la Lubumbashi, na Papa aliwaambia wageni jambo hilo kabla hawajaketi. Viti viwili, paa la turubai, magurudumu ya waya, usukani kulia kama magari yote ya Zambia.

Huku kwetu Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo Papa alikaa ukingoni mwa lami, na mimi, mtoto wa miaka tisa, nilikaa kushoto, upande wa magari yanayokuja. Tukiwa nyuma ya lori kwenye njia ya Likasi, yeye hakuona kitu. Mimi ndiye niliyechungulia. Njia ikiwa nyeupe nililia, "Pita, Papa!" naye akapita. Hakuuliza mara mbili.

Oktoba 1991, siku za uporaji, Papa alifungua magurudumu yote manne akayaficha chini ya kitanda, gari akaliacha juu ya matofali nyuma ya nyumba. Wezi hawakuligusa. Lakini fedha za kulirudisha barabarani hazikupatikana tena, na mvua za miaka ishirini na moja zilipita juu yake.

Kiangazi cha 2012, nikiwa na kazi yangu, nilimwambia Papa tulifufue. Injini haikunitesa. Ile ya cc 1798 ni chuma kitupu, piga nikupige. Tulibadilisha ringi, tukaosha kabureta zake mbili za SU, basi. Ugonjwa ulikuwa kwenye bati. Nilichoma bisibisi kwenye kizingiti cha kushoto, lile boksi refu la bati linalopita chini ya mlango, ikazama mpaka mpini. Ndani mlikuwa udongo mwekundu uliolowa, umekula chuma chote.

Nilimleta fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu, mtu hodari wa malori na Land Cruiser. Alizunguka gari mara mbili, akainama, akauliza, "Shasi yake iko wapi?" yaani ile fremu ya chuma ya chini inayobeba gari zima. Nikamjibu kwamba sijui, labda iko ndani. Hilo ndilo jibu ninalolijutia mpaka leo, kwa sababu Papa alikuwa amelala chumbani, hatua kumi tu kutoka pale, na sikwenda kumuuliza. Tuliliinua gari, vigingi viwili mbele na viwili nyuma, katikati hamna kitu. Fundi akakata kizingiti chote, kutoka nguzo ya bawaba mpaka nguzo ya kitasa.

Jioni nilijaribu kufunga mlango. Uligonga nguzo kwa juu na kukataa. Chini palikuwa na mwanya wa kupitisha kidole. Juu hata karatasi haikupita. Gari lilikuwa limebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea.

Asubuhi fundi alikuja na wazo lake: tusage ukingo wa mlango kidogo, utaingia tu. Alikwisha kushika mashine. Nilimzuia mkono. Mlango ule ndio niliokuwa naufunga mimi, Papa akinisubiri nisikie ule mlio mmoja ndipo awashe. Nilikwenda kumwamsha.

Alitoka na fimbo yake, akapitisha kiganja kwenye mwanya, juu, kisha chini. Hakupandisha sauti. "Gari hii haina na shasi," alisema. "Kizingiti njo mugongo yake. Mulikata mugongo, mukamuacha analala mu hewa."

Papa alikuwa fundi wa karakana ya reli maisha yake yote. Aliagiza kiti, jeki ya lori, na boriti la mbao. Boriti tukalilaza chini ya sakafu, katikati kabisa, jeki chini ya boriti. Kisha akaomba msumari wa inchi nne, na msumari huo ndio ukawa kipimo chetu: upite juu ya mlango kama unavyopita chini, bila kulegea, bila kukwama. Fundi alipandisha jeki robo mzunguko. Papa akainua mkono: ngoja. Bati lilitoa mlio mdogo, likatulia. Msumari. Bado. Robo nyingine. Tulianza saa moja asubuhi, na ilipofika saa nane mchana msumari ulipita pande zote mbili. Hapo tu ndipo aliporuhusu vyuma viwili vya pembe vichomelewe kwa ndani, kutoka nguzo mpaka nguzo, vishikilie vipimo.

Kizingiti kipya tulikikunja kwa bati la milimita 1.2. Papa hakukubali tuchome mstari mzima kwa mkupuo, maana joto lingepinda tena kila kitu. Tone hapa, tone kule mwisho, pumzika, funga mlango, fungua. Fundi, nampa heshima yake, hakununa hata mara moja. Siku ya pili alikuwa anadai msumari kabla Papa hajautaja. Siku tatu zilikwisha hivyo.

Tulipoondoa jeki, gari lilibaki lilivyo. Nilimwachia Papa mlango. Nilidhani ataufunga akiwa amesimama, lakini alinipa fimbo, akashika kioo, akajishusha taratibu kwenye kiti cha kushoto ambacho hakuwahi kukikalia. Akauvuta kwa vidole viwili. Mlio mmoja.

Nilikaa nyuma ya usukani. Gari halikuwa na magurudumu bado, na mbele yetu palikuwa na ukuta wa matofali na kamba ya nguo. Papa aliinamisha kichwa kushoto, akachungulia.

"Pita," akasema.