Usiku wa Kupima Theluji Worcester

Januari 2015 nilikuwa nimepanga ghorofa ya juu katika mojawapo ya zile nyumba za mbao za ghorofa tatu zilizobanana kwenye vilima vya Worcester, jimbo la Massachusetts. Waghana ni wengi pale, Wakenya nao si haba, na wengi wetu tuliotoka Afrika tulifanya kazi ileile ya kuwahudumia wazee. Niliishi na dada mmoja wa Mombasa tuliyefahamiana kazini. Mwenye nyumba, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alikaa ghorofa ya chini peke yake.

Mzee huyu alikuwa amestaafu kiwanda cha mawe ya kunolea vyuma. Maisha yake yote alipima vitu ambavyo vikizidi unene wa unywele vinatupwa, na alipostaafu alihamishia umakini ule kwenye mvua na theluji. Uani, mbali na kuta na miti, alikuwa na kipima mvua cha plastiki chenye kipenyo cha inchi 4, na pembeni yake plaiwudi ya futi mbili kwa mbili iliyopakwa rangi nyeupe, ililala chini kama trei iliyosahauliwa. Ubao ule ndio wa kupimia theluji. Unapakwa rangi nyeupe ili jua lisiupashe joto ukayeyusha theluji kabla haijapimwa, na unachomekewa kijiti chenye kitambaa chekundu pembeni ili uonekane ukishafunikwa. Kila siku saa moja asubuhi alisoma vipimo na kuvituma kwenye mtandao wa watu wa kujitolea uitwao CoCoRaHS.

Aliniambia habari za mtandao huo tangu vuli, tukiwa tunazoa majani. Ulianza mwaka 1998 huko Colorado, baada ya mafuriko ya Fort Collins ya Julai 28, 1997 yaliyoua watu watano. Upande mmoja wa mji ilinyesha zaidi ya inchi 14 na upande mwingine haikufika hata inchi 2. Vituo rasmi vilikuwa vichache mno kuliona jambo lile. Nolan Doesken, mtaalamu wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, akaanza kuwaomba raia wa kawaida wapime nyumbani kwao. Kufikia 2010 majimbo yote 50 yalikuwa yameingia.

Kwangu habari hizi hazikuwa ngeni. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Njombe, na nyuma ya ofisi ya walimu palikuwa na kipima mvua cha shaba kilichozungushiwa senyenge ili mbuzi wasikiangushe. Saa tatu kamili asubuhi, iwe Jumapili au sikukuu, Baba alikwenda kukimimina kwenye bilauri ya vipimo, akaiinua usawa wa macho, akaandika. Siku isiyo na mvua aliandika sifuri. Niliwahi kumwuliza kwa nini ajisumbue kwa sifuri. Akanijibu kwamba nafasi tupu haimwambii mtu kitu: huenda mvua haikunyesha, huenda mwalimu hakuamka. Kila mwisho wa mwezi kadi iliwekwa kwenye bahasha ikaenda Dar es Salaam. Kwa hiyo Mzee alipoanza kunieleza kwamba sifuri nayo ni taarifa, nilikuwa nimeshalelewa na maneno hayo.

Jumapili ya Januari 25 televisheni zote zilikuwa na habari moja. Dhoruba ilikuwa inakuja kutoka baharini, na walikuwa wakitaja neno wanalolitumia kwa hadhari, “blizzard”, yaani dhoruba ya theluji yenye upepo wa maili 35 kwa saa au zaidi, ambapo kwa saa tatu mfululizo mtu haoni zaidi ya robo maili. New York walitabiriwa inchi 20 hadi 30, na sisi vilevile. Mzee alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga kabla ya Krismasi na bado alitembelea magongo mawili. Alinipigia simu nishuke. Jikoni mezani alikuwa ameweka rula ndefu ya mbao, tochi, daftari lake na silinda ya nje ya kipima mvua. Hakuniomba kwa maneno mengi. Alisema tu kwamba amepima kila dhoruba kubwa tangu ile ya Februari 1978, iliyonasa maelfu ya magari barabarani karibu na Boston, na kwamba hii itakuwa ya kwanza kumpita akiwa ndani. Nikamwambia haitampita.

Alinifundisha jioni ile. Wakati wa baridi, faneli na mrija mwembamba wa ndani vinatolewa kwenye kipima mvua, maana theluji inaziba faneli na barafu inapasua mrija, kwa hiyo inabaki silinda pana peke yake. Theluji mpya inapimwa kwenye ubao hadi sehemu ya kumi ya inchi, kisha ubao unafutwa na kurudishwa juu ya theluji. Kuufuta kunaruhusiwa kila baada ya saa sita, si chini ya hapo. Alisisitiza sana hili. Theluji ikishaanguka inajishindilia kwa uzito wake. Mtu akifuta ubao kila saa na kujumlisha, atapata theluji nyingi kuliko jirani yake aliyepima mara moja, ingawa mbingu iliyowamwagia ni moja. Kanuni ni ya lazima ili namba za watu wasiofahamiana ziweze kukaa pamoja kwenye ramani.

Ratiba yetu ikawa saa moja na saa saba, mchana na usiku.

Jumatatu dada yangu wa Mombasa aliondoka mapema kwenda kazini akiwa amebeba nguo za kubadilisha, maana tulijua atakayeingia zamu usiku ule hatatoka kesho yake. Gavana Charlie Baker, ambaye hakuwa amemaliza hata mwezi ofisini, alipiga marufuku magari ya kawaida barabarani kuanzia saa sita usiku. Saa moja jioni nilipima inchi 2.5. Theluji ilikuwa laini, inaanguka imenyooka, na nilisoma rula bila taabu.

Saa saba usiku mambo yalikuwa mengine. Nilipofungua mlango wa nyuma upepo uliusukuma ukanirudishia. Tochi iliangaza chembe zinazopita ubavu kwa ubavu, hazishuki. Kitambaa chekundu nilikiona nikiwa nimeshakifikia. Ubao bado ulikuwa na theluji ya kueleweka, inchi 6.8, nikaufuta na kuurudisha. Mzee alikuwa amekaa dirishani amezima taa ili aone nje, na niliporudi na kumtajia namba aliiandika, akauliza upepo unatoka wapi. Kaskazini mashariki, nikamwambia. Akasema asubuhi ubao hautatufaa.

Alisema kweli. Saa moja asubuhi ya Jumanne, ubao ulikuwa umefagiliwa na upepo ukabaki na utando tu, huku kwenye uzio, hatua chache kutoka pale, theluji imefika kifuani kwangu. Kwenye kona ya gereji majani makavu yalikuwa wazi. Uani mwa mtu mmoja palikuwa na dhoruba tatu, na zote za kweli kwa macho. Wakati huohuo simu ikaita. Ni dada, kutoka kazini.

“Mdogo wangu, huko imefika wapi? Huku wataka kujua kama twaweza kurudi.”

Nikamwambia bado napima, ubao umepeperushwa.

“Si uandike imefika kifuani, ukalale! Nani atakuja hapo kuangalia?”

“Dada, ya kifuani imeletwa na upepo kutoka kwa jirani. Nikiiandika, nimeiandika mara mbili.”

Akanyamaza kidogo, akasema nikimaliza nimpigie.

Ilinichukua muda mrefu. Mzee alinielekeza kwa simu kutoka dirishani, nami nikachomeka rula mahali pengi: uwazi wa katikati ya ua, nyuma ya gereji kulikotulia upepo, mbele ya nyumba karibu na ngazi, kwa jirani aliyekubali nivuke. Marundo tuliyaacha, na palipokwanguliwa tuliacha vilevile. Palipoonekana theluji imelala kwa usawa nilisoma, nikataja, akaandika. Chini kabisa kulikuwa na theluji ya Jumamosi, ngumu kidogo, na rula ikiigusa unasikia mkononi. Mzee alitaka kila mara nimhakikishie kwamba rula imeishia juu yake wala haijaitoboa. Vidole vilikufa ganzi ndani ya glavu. Niliona machozi ya baridi yakiganda kwenye kope. Lakini sikutamani kuingia ndani. Nilikuwa nimeshaishi miaka kadhaa katika nchi hii nikiikimbia theluji kutoka mlangoni hadi kwenye basi, na asubuhi ile kwa mara ya kwanza nilisimama ndani yake nikiitazama, nikaona inavyolala tabaka kwa tabaka, ya mwanzo nzito kidogo, ya alfajiri nyepesi kiasi kwamba rula inazama kwa uzito wake yenyewe.

Wastani ulitupa jumla ya inchi 18.5 tangu dhoruba ianze, na tulipotoa zile tulizokwisha kupima, inchi 9.2 kwa saa sita zile.

Kazi ya pili ilikuwa ya maji. Silinda iliyokuwa juu ya mlingoti tusingeweza kuiamini, kwa sababu upepo mkali hupitisha theluji juu ya mdomo wa chombo bila kuiacha iingie. Badala yake unaigeuza silinda, unaididimiza mdomo chini mahali penye kina cha wastani, unachota ule mkate wa theluji wote na kuuingiza ndani. Tuliumwagia maji ya moto yaliyopimwa, tukasubiri uyeyuke, tukamimina kwenye mrija mwembamba, tukatoa kile tulichoongeza. Ilibaki inchi 1.21. Katika theluji ya inchi kumi na nane na nusu, maji ni inchi moja na kidogo tu! Mzee alifurahi sana na uwiano ule, kumi na tano kwa moja. Akaniambia kwamba watu wa mafuriko hawaulizi theluji ilifika wapi, wanauliza ina maji kiasi gani, maana hayo ndiyo yatakayoshuka mitoni ikianza kuyeyuka. Mwenye paa pia anapaswa kuuliza hivyohivyo. Inchi moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni kilo 25. Mwezi uliofuata, dhoruba zilipofuatana bila nafasi ya kuyeyuka, mapaa mengi Massachusetts yaliporomoka, nami nilikuwa naelewa kwa nini.

Nilimpigia dada. Nikamwambia inchi 18 na nusu na bado inaendelea, asithubutu kutoka. Alibaki kazini hadi Jumatano.

Saa saba mchana tukapata inchi 8 nyingine. Jioni ilipungua, usiku wa manane ilikuwa ni vumbi linalotua. Jumatano, Januari 28, saa moja asubuhi, mbingu ilikuwa safi na baridi kali, na tulifunga hesabu ya dhoruba nzima: inchi 31.5. Mzee aliiingiza kwenye kompyuta kwa vidole viwili, akaongeza maelezo kwamba ubao ulipeperushwa na vipimo vya Jumanne asubuhi ni wastani wa sehemu nyingi. Maelezo hayo aliyaona muhimu sawa na namba yenyewe. Nakubaliana naye hadi leo. Atakayesoma miaka hamsini ijayo hatakuwa na njia nyingine ya kujua palikuwa na upepo gani uani kwetu.

Kisha akafungua ramani. Uwanja wa ndege wa Worcester, ambao uko juu kilimani, ulikuwa umepima inchi 34.5, dhoruba kubwa kuliko zote katika kumbukumbu za mji, imeipita ile ya inchi 33 ya mwisho wa Machi na Aprili mosi 1997. Boston walipata 24.6. Na New York, walikofunga hadi treni za chini ya ardhi wakisubiri janga, Central Park ilipimwa inchi 9.8 tu. Dhoruba ilikuwa imepita mashariki kidogo ya pale ilipotarajiwa. Watu walikuwa wanawazomea watabiri kwenye televisheni, lakini mimi nilikuwa natazama zile nukta. Ukizifuata kutoka magharibi kuja mashariki unauona ukingo wa dhoruba: hapa 5, hapa 12, hapa 20, hapa 30. Hakuna setilaiti iliyouchora mstari ule kwa usahihi huo. Uliwekwa na watu waliovaa mabuti wakatoka na rula, mmoja mmoja, kwenye nyua zao. Mmoja wao alikuwa na magongo, akitumia miguu ya mpangaji wake.

Niliitafuta nukta yetu. Mzee alikuwa ameshaiona, akaigusa kwa kalamu, kisha akaniuliza kama nina zamu Jumatatu, kwa sababu watabiri walikuwa wanataja dhoruba nyingine.

Nilikuwa nayo, ya jioni. Februari 2 ilipofika theluji ikaanza tangu usiku, nami saa moja asubuhi nilikuwa uani kabla hajapiga simu. Ubao safari hii ulikuwa umekaa juu ya theluji ya wiki iliyotangulia, karibu na kiuno changu. Nilisoma, nikaufuta, nikachomeka kijiti upya, nikapandisha namba dirishani kwa vidole ili asilazimike kuinuka.